Chakula cha Maskini katika Nchi ya Cyangugu, Toka Ruzagayura Mpaka Leo

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu.

Ndugu zangu Waislamu wa Rusizi, nimeombwa na wenzangu wa chama niandike machache juu ya tarehe ya nchi yetu. Huenda wengi walitazamia nieleze habari za misikiti na masheikh waliotutangulia. Mimi nimeona nianze na jiko, kwani mwenye njaa hasomi akafahamu, wala hasali akatulia.

Wazee waliotulea hapa Kamembe na kule Bugarama walihesabu miaka kwa njaa. Mzee akiulizwa alizaliwa lini, alijibu: kabla ya Ruzagayura, au baada yake. Njaa hiyo iliipiga Rwanda katika miaka ya 1943 na 1944. Mvua zilikosekana, maradhi yakala viazi mashambani, na juu ya hayo ilikuwako Vita Kuu ya Pili, Wabelgiji wakitaka vyakula na nguvu za watu kwa ajili ya vita. Hesabu za waliokufa zahitilafiana: wako wasemao makumi ya maelfu, na wako wasemao 300,000. Wengi walihama kwao, wakaingia Kongo na Uganda kutafuta cha kutia kinywani.

Serikali ya siku zile haikukaa kimya, lakini msaada wake ulikuja kwa sura ya amri. Tangu njaa ya Rwakayihura ya miaka ya 1928 na 1929, watu walilazimishwa kupanda muhogo na viazi vitamu, na aliyekaidi alionja kiboko. Hapana shaka muhogo uliokoa roho nyingi. Lakini muhogo hujaza tumbo, haumjengi mtoto. Mtoto aweza kushiba ugali kila siku na huku amedumaa mwili na akili.

Jambo lililotufaa zaidi sisi wa pwani ya Kivu lilikuja kimya kimya. Baina ya mwaka 1958 na 1960 samaki wadogo walichukuliwa kutoka Tanganyika wakatiwa katika ziwa letu, ambalo samaki wake walikuwa haba, ili wenyeji wapate kitoweo. Ilipita miaka karibu ishirini hata uvuvi wao wa taa na nyavu ukaenea. Ndio hawa sambaza tuwaonao leo sokoni, nyama ya asiye na uwezo wa kununua nyama.

Kisha ikaja mitihani mikubwa. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, nchi ilibaki na wajane, mayatima na mashamba yasiyo na mwenye kuyalima, na watu wengi waliishi kwa mahindi na maharage ya msaada kutoka ng'ambo. Twawashukuru waliotoa. Lakini wa kupewa siku zote hana raha. Hajui gunia la kesho litafika au halitafika.

Ndipo tuitazame hatua iliyofuata. Mwaka 2006 ulianzishwa mpango wa Girinka, wa kumpa maskini ng'ombe wa maziwa. Na mpaka sasa zimegawiwa ng'ombe zaidi ya 400,000. Sharti lake ni kwamba ndama jike wa kwanza apewe jirani mhitaji, jambo waliitalo Wanyarwanda kwitura. Hivyo aliyepokea jana huwa mtoaji leo, na heshima yake humrudia. Baadaye ukaja unga wa uji wa Shisha Kibondo kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wachanga wa nyumba maskini, na tangu mwaka 2021 chakula cha mchana kilipanuliwa kifike hata shule za msingi. Mwaka 2005 watoto 51 katika kila 100 wa Rwanda walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Katika uchunguzi wa miaka ya 2019 na 2020 walikuwa 33. Hayo ni maendeleo. Lakini mmoja katika kila watatu si idadi ya kulalia usingizi.

Wanahistoria wa Kiislamu wametusimulia kwamba katika mwaka wa 18 wa Hijra, ulipoingia ukame wa Ramada, Sayyidna Umar alileta nafaka kutoka Sham, na yeye mwenyewe akaacha kula samli mpaka raia wake wapate nafuu. Alijua ya kuwa chakula cha maskini ni haki yake, na ni amana kwa kila kinachopita mkononi mwake.

Basi amana hiyo leo iko mikononi mwetu pia. Kwanza, anayeuza uji aliopewa kwa ajili ya mtoto, au anayeununua, amekula haki ya mtoto. Pili, tusimcheke mama aliyesimama katika safu ya kituo cha afya. Huenda bibi zetu walisimama katika safu ndefu kuliko hiyo. Tatu, mwaka 2022 serikali iliagiza mzazi wa mtoto wa shule ya msingi achangie faranga 975 kwa muhula, nayo ibebe sehemu iliyo kubwa. Kwa wengi wetu fedha hiyo ni kidogo. Kwa mjane ni mzigo. Kila mwenye nafasi na amtazame mtoto wa jirani yake, amlipie, wala asimtangaze.

Wazee wetu walihesabu miaka kwa njaa. Twamwomba Mola wajukuu zetu wasiijue hesabu hiyo. Amin.