Jina la Pili Kwenye Jalada

Ngugi wa Thiong'o alipofariki Mei 2025, simu zetu zilijaa picha zake kwa wiki nzima. Sawa kabisa, mzee alistahili. Lakini kuna kitu kilinikera. Posti nyingi nilizoziona ziliorodhesha kazi zake, na katikati ya orodha kukawa na The Trial of Dedan Kimathi, imekaa pale kana kwamba aliiandika peke yake. Wasee, chukueni kile kitabu muangalie jalada. Majina ni mawili. La pili ni Micere Githae Mugo, na hakuwekwa pale kwa kupiga chapa.

Kwa hivyo leo ni zamu yake.

Mimi niko Githongo, upande huu wa mlima wenye majani chai na viazi, na Micere ni mtoto wa mlima huuhuu, sema tu upande mwingine. Panda matatu hapa, pita Nkubu, Chogoria, Chuka, Embu, ingia Kirinyaga. Muda wote huo mlima uko mkono wako wa kulia, ukikubali kutoka kwa mawingu. Huko Kirinyaga, Baricho, ndiko alikozaliwa Desemba 1942. Wazazi wake walikuwa walimu.

Hebu fanya hesabu kidogo. Hali ya hatari ilitangazwa 20 Oktoba 1952. Micere alikuwa hajatimiza miaka 10. Kimathi aliposhikwa Oktoba 1956, alikuwa na miaka 13. Kimathi aliponyongwa Kamiti, 18 Februari 1957, alikuwa na 14. Maanake utoto wake wote ulipita kwenye vita ambavyo sisi tunavisoma kwa kurasa chache za historia. Na msidhani ilikuwa stori ya Nyeri na Kirinyaga pekee. Huu msitu ulio juu yetu ulikuwa na watu wake. Musa Mwariama wa Meru hakushikwa na Waingereza hadi mwisho, akatoka msituni uhuru ulipofika, na kuna ile picha yake na Jomo Kenyatta ya 1963. Baimungi naye, wa hukuhuku Meru, aliuawa 1965, na waliomuua ni serikali ya Kenya huru. Soma hiyo sentensi tena, kwa sababu ukiielewa utaelewa pia kwa nini mchezo wa kuigiza kuhusu Kimathi ungeweza kumletea mtu taabu miaka kumi baadaye.

Masomo nitayapitia haraka. Alliance Girls, kisha Limuru Girls, shule iliyokuwa ya wazungu watupu, na yeye akawa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kukubaliwa pale. Makerere, digrii 1966. Halafu Kanada, Chuo Kikuu cha New Brunswick, akarudi na udaktari 1973 kufundisha fasihi Chuo Kikuu cha Nairobi. Nakubali hiyo ni CV ya kuchosha ukiwa kama mimi, mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili baada ya alama zake kupotea mara mbili na kila ofisi kumrusha kwa ofisi nyingine. Sikuwa na haja ya kumpenda profesa yeyote. Huyu alinishinda kwa sababu ya mwaka mmoja: 1976.

Mwaka huo ndio Micere alifunguka kote kwa pamoja. Kulitoka mashairi yake, Daughter of My People, Sing! Kukatoka tamthilia yake mwenyewe, ya peke yake, The Long Illness of Ex-Chief Kiti, inayomwangalia chifu aliyekuwa upande wa wakoloni wakati wa hali ya hatari. Na kukawa na The Trial of Dedan Kimathi pamoja na Ngugi. Miaka miwili baadaye, 1978, akaongeza kitabu cha uhakiki, Visions of Africa, ambamo anamweka Elspeth Huxley, mwandishi wa masetla, kwenye meza moja na Achebe, Margaret Laurence na Ngugi, halafu anawauliza wote swali moja: mnamwona Mwafrika kama nani? Mashairi, jukwaa, uhakiki, na huku anasahihisha karatasi za wanafunzi. Sisi tukiposti video mbili kwa wiki tunasema tumechoka.

Turudi kwa Kimathi, kwa sababu hapo ndipo kuna moto.

Wakati huo Mau Mau ilikuwa bado ni kundi lililopigwa marufuku na sheria. Si mchezo. Marufuku ile ya mkoloni iliondolewa 2003, chini ya Kibaki. Na vitabu vilivyokuwa vikisomwa vilimchora Kimathi kama mwendawazimu mwenye bunduki. Ian Henderson, polisi aliyeongoza msako wake, alikuwa ameandika kitabu chake. Kenneth Watene, Mkenya mwenzetu, alitoa tamthilia kuhusu Kimathi 1974, na ndani yake Kimathi ni mtu mkatili aliyechanganyikiwa. Micere na Ngugi walifanya nini? Walienda Karunaini, huko Nyeri, wakaongea na watu waliomfahamu. Wakakuta Kimathi mwingine kabisa: mwalimu, mtu wa utani, mtu aliyependa maigizo. Ndiyo, Kimathi alikuwa na kikundi cha maigizo kabla ya kuingia msituni. Hiyo peke yake ingekuwa filamu.

Sasa ufungue mchezo wenyewe. Hauna maonyesho ya kawaida ya kufungua na kufunga pazia, una miendo mitatu inayotiririka. Mkoloni pale ni Shaw Henderson, na huyohuyo ndiye anayemwinda Kimathi, anayemshtaki na anayemhukumu. Kesi ya mahakamani ni moja tu kati ya kesi nyingi, kwa sababu Kimathi anajaribiwa tena selo na watu wa pesa, watu wa siasa na mtu wa dini, wote wakimtaka akubali yaishe. Lakini mtu anayeubeba huo mchezo mabegani ni Mwanamke. Hana jina, anaitwa Mwanamke tu. Anauza sura ya mama wa kawaida sokoni huku amebeba bunduki ndani ya mkate. Anawapata mvulana na msichana wa mtaani wanaopigania shilingi, na kufikia mwisho bunduki iko mikononi mwa hao vijana.

Hapa ndipo naona mkono wa Micere, na hii ni maoni yangu, mnaweza kunipinga. Alikua akiona ni nani hasa waliopeleka chakula msituni, waliobeba risasi kwa vikapu, waliochapwa ili waseme. Field Marshal Muthoni wa Kirima hakuwa hadithi ya kutunga. Mukami Kimathi hakuwa mke wa kukaa nyumbani akilia.

Udhaifu upo pia. Kuna kurasa ambazo Kimathi anaongea kama mtu anayehutubia mkutano wa chama, na ukisoma peke yako kitandani unaanza kuruka mistari. Halafu umeandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo mama mwenye mkate asingeielewa, ingawa nyimbo zinausaidia. Tafsiri ya Kiswahili, Mzalendo Kimathi, ilitoka 1978. Lakini nadhani tatizo letu ni kwamba tunausoma. Uliandikwa ili watu wasimame.

Na walisimama. Oktoba 1976 mchezo ulipangwa kuingia Kenya National Theatre, ukiongozwa na Seth Adagala. Huo na Betrayal in the City ya Francis Imbuga ndizo zilizochaguliwa kuiwakilisha Kenya kwenye FESTAC, lile tamasha kubwa la sanaa za watu weusi lililofanyika Lagos 1977. Ungedhani kazi za kuiwakilisha nchi zingepewa ukumbi wa taifa bila maneno. Wapi! Ukumbi ulikuwa mikononi mwa watu waliozoea kuleta maonyesho ya kigeni, na hayo ndiyo yaliyopewa nafasi kubwa. Michezo ya Wakenya ikabanwa kwa siku chache tu, katika mwezi uleule ambao taifa linakumbuka mashujaa wake.

Hizo siku chache zilijaa. Familia ya Kimathi ilikuja kutazama. Na mwisho wa mchezo watazamaji walijiunga na waigizaji kuimba na kucheza, wakatoka nje mpaka barabarani. Ng'ambo ya barabara ni hoteli ya Norfolk, ambapo mwaka 1922 masetla walitoka kwa veranda wakawapiga risasi watu walioandamana kutaka Harry Thuku aachiliwe. Miaka 54 baadaye watu wanaimba nyimbo za Mau Mau mbele ya veranda hiyohiyo. Kama kungekuwa na simu siku hiyo, hiyo video ingekuwa bado inazunguka.

Baada ya hapo mambo yakageuka. Ngugi aliwekwa kizuizini mwisho wa 1977 baada ya mchezo wa Kamiriithu, akatoka Desemba 1978. Micere alibaki chuoni, akawa mwanamke wa kwanza kuwa mkuu wa kitivo pale Nairobi, na hakunyamaza. Alihojiwa na polisi, akapigwa. Kisha 1 Agosti 1982 kukawa na jaribio la mapinduzi, na msako wa wasomi na wanafunzi ukawa mkali. Akaondoka na mabinti zake wawili wakiwa bado wadogo. Serikali ya Moi ikamvua uraia.

Sijui kama tunaelewa hilo neno. Kufutwa kazi unaweza kutafuta nyingine. Kuvuliwa uraia ni kuambiwa kwamba Baricho si kwenu. Mlima si wako. Nawaza hivi kwa sababu Juni 2024, mwaka mmoja baada ya yeye kufa, vijana wa rika langu walichukuliwa usiku kwa sababu ya vitu walivyoposti. Wengine walirudi, wengine wakazikwa. Kwa hivyo ninaposoma kuhusu 1982 sisomi mambo ya kale.

Alianza Marekani, kisha 1984 akaenda Zimbabwe, nchi iliyokuwa na miaka minne tu ya uhuru, na wao wakampa uraia ambao sisi tulimnyima. Alifundisha Chuo Kikuu cha Zimbabwe pale Harare. Ngugi wa Mirii, yule aliyeandika mchezo wa Kamiriithu na Ngugi, alikuwa huko pia, akijenga maigizo ya vijijini. Yaani tulifukuza watu wetu wa jukwaa, jirani akawaokota akawaweka kazini.

Huko uhamishoni ndiko kazi yake ilibadilika kwa njia ninayoipenda zaidi. Alirudi kwa fasihi simulizi. Najua mkisikia hilo neno mnakumbuka karatasi ya tatu ya Kiswahili na sifa za fanani. Yeye alilichukua kwa uzito mwingine. Alisisitiza lile neno la Pio Zirimu, msomi wa Uganda, la kuipa fasihi ya mdomo jina linalosimama peke yake badala ya kuwa mkia wa fasihi ya maandishi. 1991 akatoa African Orature and Human Rights, akisema kwamba ndani ya ngano, nyimbo na methali za watu wetu mlikuwa na haki za binadamu kabla hazijaandikwa kwenye mkataba wa mtu yeyote. Na 1994 akatoa My Mother's Poem and Other Songs. Angalia jina hilo: nyimbo. Micere hakupenda kusoma mashairi yake watu wakiwa kimya. Aliwagawia sehemu, akaita, wakaitikia. Ukumbi wa chuo ukawa kiwanja cha ngoma. Hata profesa wa suti alilazimika kuitikia.

Ndiyo maana nakataa kumwita mwandishi wa tamthilia aliyeandika pia mashairi, au profesa aliyeigiza pembeni. Kwake vyote vilikuwa sauti moja inayohitaji mtu wa kuijibu. Tamthilia ilikuwa na umati, shairi likawa na waitikiaji, na darasa, nadhani, lilikuwa hivyohivyo.

Kuanzia 1993 alikuwa Chuo Kikuu cha Syracuse, jimbo la New York, kule kwenye theluji, na alifundisha huko zaidi ya miaka 20. Kenya alikuja kuweza kurudi na kutembea, lakini maisha yake yalikuwa yameshajengwa kwingine. 2021 alitoa kitabu kidogo kuhusu utu katika usomi, na neno aliloliweka kwenye jalada ni letu, la Kiswahili: Utu. Alifariki 30 Juni 2023. Mukami Kimathi alikuwa amefariki Mei mwaka huohuo, na Muthoni wa Kirima akafuata Septemba. Wanawake watatu, miezi minne. Mukami alifariki bila kujua mumewe alizikwa wapi ndani ya Kamiti, na hadi leo hilo kaburi halijapatikana.

Kimathi ana sanamu Nairobi tangu 2007, na mtaa wenye jina lake. The Trial of Dedan Kimathi unaipata mtandaoni na hata kwa wauza vitabu vya zamani. Ila The Long Illness of Ex-Chief Kiti, ile ya Micere peke yake, nimeitafuta Meru mjini na Embu nikakosa. Kama mwalimu wenu wa zamani, au guka, au cucu, ana nakala kwenye katoni mahali, niambieni. Nauli nitajilipia.