Wepesi na Raha: Vyombo vya Safari baina ya Mbinga na Ziwa Nyasa

Mtu asimamaye juu ya milima ya Umatengo siku ya mbingu safi, akaelekeza uso wake magharibi, huliona Ziwa Nyasa chini yake likiwa karibu mno machoni na mbali mno miguuni. Mji wa Mbinga umekaa zaidi ya meta 1,300 juu ya usawa wa bahari, na vilele vinavyouzunguka hupanda juu zaidi, ilhali maji ya ziwa yako katika meta 470 na ushei, na tofauti hiyo yote hushukwa katika njia ambayo leo, kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, haifiki kilometa 70. Nchi ya namna hii haimwachii msafiri nafasi ya kuwa na vyote viwili. Ama huchagua chombo chepesi, kinachopita popote na kumwachia mwenyewe baridi, vumbi na mvua, ama huchagua chombo chenye raha, kinachomstahi mwili wake lakini kinadai njia pana, mafuta mengi na msaada wa watu. Hoja hii ya wepesi na raha, ambayo wapenda magari wa Ulaya huijadili kwa hamu kubwa wanapopima magari yao madogo ya mbio, ilikwisha kuamuliwa mara nyingi katika pwani hii ya Ruvuma kabla gurudumu la kwanza halijafika.

Chombo chepesi cha kwanza kilikuwa mtumbwi. Ulichongwa katika gogo la mti mmoja, na mafundi wa ziwa waliufanya mlango wake wa juu kuwa mwembamba kuliko tumbo lake, kiasi kwamba mpiga kafi hakukaa ndani kama akaavyo mtu katika mashua, bali alikaa juu ya kingo, miguu yake ikiwa imetumbukia katika ule ufa, na magoti yake yakifanya kazi ya kusawazisha chombo kila wimbi lilipokiinua. Umbo hilo lilizuia maji kuingia kwa wingi na kulipa gogo nguvu za kuvumilia kuburutwa mchangani; lakini halikumpa mtu faraja hata kidogo. Kati ya mwezi wa Mei na Agosti, ule upepo wa kusini uitwao mwera unapovuma kwa siku kadhaa mfululizo, mvuvi wa Liuli au Lituhi hakuwa na gati wala nanga ya kumsitiri: aliuvuta mtumbwi wake juu ya mchanga, akaungoja upepo utulie, akarudi majini. Hakumwajiri mtu, wala hakutegemea bandari. Hiyo ndiyo fadhila kuu ya chombo chepesi, nayo ni kubwa kuliko mwendo wake.

Milimani, wepesi ulikuwa wa miguu yenyewe. Wamatengo walijikusanya katika miinuko katika karne ya 19 wakijihami na mashambulizi ya Wangoni, na ili kuishi juu ya miteremko ile wakaendeleza kilimo chao cha ngoro, chenye mashimo yaliyopangika ubavuni mwa mlima ili kuzuia mvua isichukue udongo. Watu waliouchagua mwinuko kuwa ngome yao hawakuwa na haja ya kumtengenezea adui njia rahisi ya kupandia; kwa hiyo vijia vyao vilikwenda mgongoni mwa milima, vyembamba na vikali, vinavyomfaa mtu mwenye mzigo kichwani na visivyomfaa mwingine.

Raha ilipoingia katika nchi hii, iliingia mabegani mwa watu. Machila, kitanda cha turubai kilichotungikwa katika ufito mrefu, kilimchukua ofisa au mmisionari aliyechoka au mgonjwa, na chini ya ufito ule walitangulia watu na wakafuata watu, na nyuma yao wakatembea wengine waliongoja zamu. Aliyelala ndani aliona safari kuwa laini. Na laini ilikuwa kweli, ila ugumu wake haukuondoka, ulihamishwa tu. Nalisema jambo hili waziwazi kwa sababu naliona likirudi katika kila chombo cha raha kilichofuata, hata kile kilichosifiwa kuwa ni ushindi wa mashine juu ya misuli.

Tazama habari za meli. William Percival Johnson, kasisi wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, ambaye alikuwa karibu kupofuka kwa maradhi ya macho na bado akaendelea kuzunguka vijiji vya ziwa kwa miaka mingi hata akafa Liuli mwaka 1928, alikuwa mmoja wa walioamini kwa moyo wote kwamba kazi yao haitafanikiwa bila ya chombo cha mvuke, nacho kilipatikana, kikaitwa Charles Janson, katika miaka ya 1880. Mwaka 1895 Askofu Chauncy Maples alikufa maji ziwani baada ya mashua yake kupinduliwa na dhoruba, na jina lake likapewa meli kubwa zaidi, iliyotengenezwa Glasgow na kuletwa vipande vipande, 3,481 kwa hesabu yao, kwa njia ya mito Zambezi na Shire. Meli ile ilikusudiwa kuwa shule, hospitali na kanisa lielealo, na wasafiri wake wangelala vitandani. Lakini mto Shire una maporomoko, na penye maporomoko tanuri la mvuke, lenye uzito wa tani 11, halikuweza kupita majini. Kwa hiyo Wangoni wapatao 450 walilikokota nchi kavu kwa maili 64, wakienda kama maili tatu kwa siku. Mwaka 1901 Chauncy Maples ilishushwa ziwani. Nimeona mara nyingi picha ya meli hiyo ikisifiwa. Sijaona popote majina ya wale 450, nami nahisi kwamba historia ya ziwa ina upungufu mkubwa maadamu majina hayo hayapo.

Wajerumani nao walikuwa wamekwisha kuleta yao, Hermann von Wissmann, iliyopita njia ileile ya mito na kuanza kazi mwaka 1893. Kuna dalili moja ya udhaifu wa chombo kikubwa ambayo haina shaka, nayo ilitokea Liuli, mahali walipopaita Sphinxhafen. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza Guendolen, chini ya Kapteni Rhoades, iliikuta Hermann von Wissmann imepandishwa juu ya reli za kutengenezea meli, haiwezi kukimbia wala kugeuka. Nahodha wake, Berndt, aliyekuwa akifahamiana vema na Rhoades, hakuwa amepata hata habari kwamba vita vimeanza. Mtumbwi haungekutwa hivyo. Chombo kinachohitaji reli, fundi, vipuri na gati kina mahali maalumu pa kukamatiwa, na adui mwenye akili hukingoja hapohapo.

Wala raha haikuwa salama kila mara. Mwaka 1946 meli mpya Vipya ilipinduka katika tufani upande wa Nyasaland, ikaangamiza watu zaidi ya 140. Ilala, iliyoanza kazi mwaka 1951, ilikuwa na bahati njema zaidi, na kwa watu wengi wa Mbamba Bay honi yake ndiyo iliyokuwa kalenda ya mizigo na barua. Baadaye Tanzania ikapata meli zake yenyewe, Songea na Iringa, na katika miaka hii Mbeya II. Lakini tukiacha bandari hizo, vijiji vingi vya mwambao viliendelea kupokea abiria wao kwa mtumbwi uliokwenda kuwapokea melini, chombo chepesi kikimaliza safari ambayo chombo cha raha hakikuweza kuimaliza.

Juu milimani mambo yalibadilishwa na kahawa. Zao hilo lilienea Umatengo katika miaka ya 1920 na 1930, na kahawa, tofauti na mahindi, haina maana mpaka imefika sokoni; hivyo njia ya gari ikawa haja ya kila kaya. Barabara zile za kwanza zilichimbwa kwa jembe na sururu, na katika Tanganyika ya wakati ule mtu asiyekuwa na fedha ya kodi aliweza kutakiwa ailipe kwa kazi ya mikono. Lori lilipopita juu ya udongo ule mwekundu, baba wa nyumba aliyeuza kahawa yake alifurahi kwa haki. Yamkini alikuwa pia amechangia kuutengeneza ubavu wa mlima ambao lori liliupanda.

Na ni nani asiyemkumbuka utingo? Katika masika, kati ya Desemba na Aprili, udongo wa milima hii hugeuka kuwa utelezi mtupu, na lori lenye magunia lililokuwa likipanda kwa gia ya kwanza lingeanza kurudi nyuma taratibu, injini ikinguruma na magurudumu yakizunguka mahali pamoja. Hapo utingo aliruka kutoka nyuma kabla ya kuamriwa, mkononi ana gogo lililochongwa upande mmoja kama kabari, akakimbia kando ya tairi la nyuma akiliinamia, akalisukuma gogo chini ya mpira wakati uleule dereva alipokanyaga breki. Lori likatulia, dereva akavuta pumzi, wakasogea hatua nyingine, gogo likaondolewa na kutiwa tena. Katika mteremko wa kwenda ziwani kazi ilikuwa hiyohiyo kwa kinyume chake. Abiria waliokaa mbele karibu na dereva walilipa nauli ya kiti chenye mto. Raha yao ilikuwa mikononi mwa kijana mmoja na kipande cha mti.

Mwaka 1948 Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Ulaya. Bodi yake ilifanywa kwa mchanganyiko wa aluminiamu kwa kuwa chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, na paa lake lilikuwa turubai la kufungwa kwa kamba. Ilipozoeleka katika milima ya kusini, ikawa gari la misheni, la serikali na la bwana shamba. Mizani ingesema kwamba Peugeot 404, gari la kifahari la wakati wa uhuru, lilikuwa jepesi kuliko Land Rover. Lakini wepesi ninaousema si wa ratili peke yake, bali ni wa kutodai. Peugeot ilidai barabara iliyopitishwa greda. Land Rover ilidai dereva avumilie springi zinazompiga mgongoni, upepo unaopenya kila upenyo, na vumbi litakalomfanya awe wa rangi moja na njia. Alipokwisha kuvumilia hayo, ilimfikisha.

Afrika Mashariki nzima ilishuhudia hoja hii ikishindaniwa hadharani katika mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Volkswagen, gari dogo lisilo na rejeta, lilishinda mwaka 1954 na 1957. Kisha Mercedes, gari la starehe, ikashinda mwaka 1959, 1960 na 1961. Na mwaka 1962 Volkswagen ikarudi mbele. Mwaka 1971 na 1973 ushindi ulikwenda kwa Datsun 240Z, gari la michezo la viti viwili, jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Matokeo hayo hayakuthibitisha ubora wa upande mmoja. Huko Uingereza, Colin Chapman wa Lotus alikuwa ameunda mwaka 1957 gari lake Seven, halina milango ya maana wala paa la kutumainiwa, uzito wake uko karibu na nusu tani. Na Mercedes mwaka 1963 ikatoa 230 SL, gari la wazi la watu wawili lenye viti vya kukalia safari ndefu, na uzito wake ukazidi ule mara mbili. Aliyeishi na la Chapman alilivaa kama koti, akalowa, akachoka, akajua kila jiwe la barabara. Aliyeishi na la pili alifika akiwa na nguo safi. Lakini wote wawili walikuwa na lami chini yao, wameikuta tayari, na ndiyo maana waliweza kuamini kwamba uchaguzi wao ni wa tabia na ladha tu.

Mbinga uchaguzi haukuwa wa ladha. Hapa raha ya gari haikukaa garini, ilikaa barabarani, na barabara ilipokuwa haipo, gari la raha lilikuwa mzigo wa watu wa kijiji kilichokuwa karibu, walioitwa usiku waje kulisukuma. Lami ilipofika Mbinga kutoka upande wa Songea katika muongo wa 2010, na kuteremka hadi Mbamba Bay mwanzoni mwa miaka ya 2020, hoja ya karne nzima ilikatwa kwa upande wa njia hiyo moja: mteremko uliokuwa ukila kutwa nzima sasa hauchukui hata nusu yake, na gari dogo lililotoka Japani limetumika hushuka bila ya kabari wala utingo. Nashukuru kwa hilo, wala simwoni mwenye akili anayetamani kurudi katika matope. Ila pembeni mwa lami hiyo zimeachwa njia nyingi za udongo, na humo pikipiki imekirithi kiti cha mtumbwi: humpeleka mama mjamzito zahanati, hushusha gunia la kahawa kutoka ubavuni mwa mlima, na mpandaji wake hulowa kama alivyolowa mpiga kafi.

Kwa hiyo anayekusudia kukaa Mbinga mjini na kushuka ziwani kwa lami, na anunue gari lenye raha kwa kadiri ya mfuko wake. Na anayekusudia kufika Mpapa au Litembo wakati wa masika, na achukue chombo ambacho watu wanne wanaweza kukitoa matopeni, kisha awalipe hao wanne.