Umilisi au Umahiri? Istilahi ya Wanaokaa Nyumba Moja

Saa kumi alfajiri, jiko la pamoja la hosteli. Mwanafunzi aliyefunga anapasha daku yake. Jirani wa chumba cha pili, mwenye mtihani asubuhi, anaamshwa na mlio wa sufuria. Jirani huyo amesoma sana habari za Ramadhani, anajua hata mwezi unavyoandama. Anatoka mlangoni amefura kwa hasira.

Alichopungukiwa kina jina katika taaluma ya elimu, intercultural competence, nasi tumelitafsiri mara mbili: umilisi baina ya tamaduni, na umahiri baina ya tamaduni. Hata kwenye mitaala, Kenya inasema Mtaala wa Umilisi. Tanzania inasema mtaala unaojenga umahiri. Wengi huona ni mamoja. Mimi sioni hivyo.

Umilisi ni neno la isimu. Tumelitumia kuelezea wazo la Noam Chomsky, ambaye mwaka 1965 alitenga ujuzi wa lugha uliomo akilini na utendaji wa msemaji afunguapo kinywa. Kwa kipimo hicho, jirani yetu ana umilisi tele! Lakini Michael Byram, mtaalamu wa elimu ya lugha, katika kitabu chake cha 1997, aliuweka ujuzi wa kichwani kuwa sehemu moja tu. Alidai pia udadisi, moyo wa kutojiona wewe ndiye kipimo, na uwezo wa kutenda papo hapo. Hapo ndipo umahiri unapofaa. Fundi mahiri hujulikana kwa kazi yake, na hakuna aliyepata umahiri wa kupika bila kuunguza chungu.

Neno la pili, baina, ndilo zito zaidi. Wapo wanaoandika "umahiri wa tamaduni nyingi", kana kwamba tamaduni ni mihuri ya pasipoti, mwenye nyingi ndiye bingwa. Lakini baina hudai watu wakutane.

Mwaka 1909, Mmarekani Harry Edmonds alimsalimia mwanafunzi wa Kichina kwenye ngazi za maktaba ya Chuo Kikuu cha Columbia. Kijana akamwambia kwamba amekaa New York wiki tatu na hakuna mtu mwingine aliyewahi kusema naye. Edmonds na mkewe wakaanza kuwaalika wanafunzi wa kigeni chakula cha Jumapili, na mwaka 1924, kwa fedha za John D. Rockefeller Jr., ikafunguliwa International House, nyumba ya wanafunzi wa mataifa mbalimbali. Ya Berkeley ilifuata mwaka 1930, nayo ilipingwa vikali na wenyeji waliochukia kuona watu wa rangi mbalimbali, wake kwa waume, chini ya paa moja.

Ila paa peke yake halitoshi. Vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana. Mwanasaikolojia Gordon Allport alieleza mwaka 1954 kwamba kukutana hupunguza chuki pale watu wanapokuwa na hadhi sawa, lengo moja na kazi ya kushirikiana, huku wenye mamlaka wakiwaunga mkono. Kwa lugha ya hosteli: zamu ya kusugua jiko imguse kila mtu, na saa ya daku ipangwe kikaoni kabla mwezi haujaandama.

Umilisi tuwaachie wanaisimu. Wahariri na walimu, andikeni umahiri baina ya tamaduni, na hiyo "baina" msiidondoshe.