Mzee Mkimbizi na Mwalimu wa Mbali: Hoja Kuhusu Mafunzo ya Mtandaoni kwa Wahudumu wa Afya

Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita vya Kivu Kusini. Aliyevuka akiwa na miaka 45 sasa amepita 70. Kambi imezeeka pamoja na watu wake, ila utabibu wake bado una sura ya dharura: kipindupindu, surua, malaria, uzazi salama, utapiamlo wa watoto. Hata vipimo ni mashahidi. Tafiti za lishe zinazofanywa kambini kwa utaratibu wa shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, huwalenga watoto wa miezi 6 hadi 59 na wanawake wa miaka 15 hadi 49. Bibi wa miaka 68 anaweza kukonda mpaka mifupa ikahesabika, na asionekane katika jedwali lolote.

Kwa upande wa pili, elimu ya utabibu wa wazee nayo haimjui mkimbizi. Chukua mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa huduma jumuishi kwa wazee, uliotoka mwaka 2017 na kufuatiwa na kitabu cha mhudumu mwaka 2019. Ni kazi nzuri. Inamfundisha muuguzi wa zahanati kukagua kumbukumbu, mwendo, lishe, macho, masikio na huzuni bila vifaa vya gharama. Lakini upeleke Kasulu uone. Mzee huulizwa kama amepungua zaidi ya kilo 3 katika miezi mitatu bila kukusudia, na kama amepoteza hamu ya kula. Mwaka 2023 mgao wa chakula katika kambi za Kigoma ulikatwa hadi nusu. Hamu ilikuwepo, kilichokosekana ni unga. Anatakiwa pia kuinuka kitini mara tano kwa sekunde 14 bila kujishika, ilhali huenda miaka yote hii amekaa mkekani au kwenye kigoda. Kisha ataje tarehe ya leo. Wakimbizi wengi wameandikishwa kuwa walizaliwa Januari 1 kwa sababu tu karani alihitaji kujaza nafasi, na mkulima wa Fizi, Kivu Kusini, ambaye hakusoma hukumbuka miaka kwa vita, mafuriko na mazishi. Akishindwa swali hilo, ameugua demenshia au ameulizwa jambo lisilomhusu? Mhudumu aliyefunzwa kujaza fomu hawezi kujua. Atakayejua ni yule aliyefunzwa kulitilia shaka swali lenyewe.

Hapo ndipo hoja ya makala haya ilipo. Mafunzo ya mtandaoni ndiyo njia iliyo karibu zaidi ya kuunganisha elimu hizi mbili, kwa kuwa bingwa wa magonjwa ya wazee hatahamia Kasulu na tabibu wa kambini hawezi kuacha zamu akasome mwaka mzima mjini. Lakini mtindo uliozoeleka, yaani video, maswali ya kuchagua na cheti cha kupakua, hauwezi kazi hii. Mtindo huo hudhani maarifa yapo chuoni na upungufu upo kambini. Kwa mzee mkimbizi, nusu ya maarifa ipo kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayejua nyumba ipi mzee anaishi peke yake na nani humchukulia mgao.

Mfano bora zaidi ulianza New Mexico, Marekani, mwaka 2003, pale daktari Sanjeev Arora alipoanzisha mradi wa ECHO. Wahudumu wa vijijini na magerezani waliwasilisha wagonjwa wao wa homa ya ini aina ya C kwa njia ya video, wakawajadili pamoja na mabingwa, wiki baada ya wiki. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kuwa waliofanikiwa kuondokana na virusi katika kliniki ya chuo kikuu walikuwa asilimia 57.5, na katika vituo vya pembezoni asilimia 58.2. Aliyefundisha hapo ni mgonjwa halisi, pamoja na dawa zake. Nchini Kenya nako, kuanzia mwaka 2005, shirika la Amref na Baraza la Wauguzi waliwasomesha wauguzi wa ngazi ya cheti kufikia diploma kwa kompyuta huku wakibaki kazini.

Watakaosema mtandao wa kambini ni dhaifu na bando ni ghali wanasema kweli, ila kesi ya mgonjwa huweza kujadiliwa kwa sauti tupu na somo likahifadhiwa kwenye simu. Kigumu zaidi ni muda. Kozi inayosomwa usiku, baada ya zamu ya muda wa saa kumi na mbili, ni kazi ya bure iliyopewa jina la fursa.

Faida ya kugeuza mwelekeo, kambi nayo ifundishe, haiishii Kigoma. Kuanzia mwaka 2015 maelfu ya Wakongo wa Nyarugusu walihamishiwa Marekani, wakiwamo wazee. Daktari wa huko anayemtumia mwana wa mama mgonjwa kama mkalimani hatasikia kamwe kwamba mkojo unamtoka mama huyo. Hakuna mama atakayelitamka hilo mbele ya mwanawe wa kiume, sembuse mkwewe. Muuguzi wa Kasulu analijua jambo hilo bila kufundishwa, na analijua kwa Kiswahili, lugha ambayo kozi nyingi za aina hii hazifundishwi kwayo. Basi aketi upande wa mwalimu, alipwe kama mwalimu, na saa zake zihesabiwe na baraza lake la kitaaluma. Na kozi yenyewe isipimwe kwa idadi ya vyeti. Ifunguliwe rejista ya kliniki miezi sita baadaye, iangaliwe ni wazee wangapi wenye shinikizo la damu wamerudi kupimwa, na ni wangapi wameandikiwa uzito wao kwa mara ya kwanza.