Shingo Upande au Mwinamo wa Kichwa?

Sungura afugwaye nyumbani aweza kulala akiwa mzima wa afya, na kulipopambazuka akakutwa kichwa chake kimelalia upande mmoja, hata sikio moja likakaribia sakafu na jicho moja likaelekea dari. Akijaribu kwenda mbele huishia kuzunguka, na akishtuliwa huanguka akabiringika mara nyingi kabla ya kupata pa kujishikiza. Macho yake, mtu akiyatazama kwa makini, huonekana yakichezacheza, yakienda taratibu upande huu na kurudi kwa ghafla upande wa pili. Hali hiyo katika vitabu vya tiba ya wanyama huitwa tortikoli. Katika nchi kama Uingereza na Marekani, ambako sungura wengi hukaa ndani ya nyumba pamoja na wenyewe, hata mtoto hulijua jina lake la kawaida. Kwetu sisi, ambao sungura aghalabu hufugwa bandani kwa ajili ya nyama, au na watoto kwa mapenzi yao tu, hatujazoea kuitaja kwa jina moja. Nami naona inafaa tuwe na jina, na jina hilo liwe la haki, kwa sababu maradhi haya yana tabia ya kuondoka na kurejea, na mwenye mnyama asiyejua anachokiita hawezi kujua kinachomrudia.

Jina la namna hiyo huitwa istilahi, na neno istilahi lenyewe tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni mapatano, nalo ni la nasaba moja na suluhu. Basi istilahi si tafsiri tu ya lafudhi ya kigeni; ni mapatano ya wajuzi juu ya kitu kinachotajwa, na mapatano hayawezi kusimama ikiwa kitu chenyewe hakijatazamwa.

Mfasiri mwenye haraka, akikutana na tortikoli, atachungulia asili yake ya Kilatini, aone kuwa sehemu ya kwanza ni kupotoka au kusokotwa na ya pili ni shingo, kisha ataandika bila ya kusita: shingo upande. Lakini maneno hayo mawili yamekwisha kuajiriwa katika Kiswahili kwa kazi nyingine tangu zamani. Aliyekubali jambo shingo upande ni aliyelikubali bila ya ridhaa, na aliyekwenda shingo upande ni aliyekwenda moyo wake ukiwa umebaki nyuma. Tukimwambia mfugaji kuwa sungura wake ana shingo upande, yamkini atafahamu kuwa mnyama amekuwa mkaidi, amesusa chakula au amenuna. Na si ajabu akamwacha siku mbili tatu ili anune mpaka achoke, ilhali katika maradhi haya siku mbili tatu ndizo zenye kupambanua baina ya kupona na kufa.

Hata hivyo kosa kubwa zaidi halimo katika tafsiri, limo katika neno la Kilatini lenyewe. Jina tortikoli lilitoka kwa matabibu wa watu, nao walikuwa na hoja yake: mtoto mchanga aweza kuzaliwa na musuli wa upande mmoja wa shingo uliokuwa mfupi, au mtu mzima akaamka shingo imekaza asiweze kugeuka, na hapo kasoro imo shingoni kweli. Kwa sungura sivyo. Ni nadra shingo yake kuwa na dosari yoyote. Inapinda kwa sababu inatii amri potofu inayotoka mahali pengine. Nimewasikia watu wakisema kuwa dawa ni kumkanda shingo kwa mafuta ya moto na kumnyosha kichwa kwa mikono kila jioni. Nia yao ni njema, lakini wanamtesa mnyama, na asili ya tendo lao ni jina lililowaonyesha shingo ilhali ugonjwa uko sikioni au katika ubongo.

Ndani kabisa ya sikio, katika mfupa wa kichwa, kuna njia na vyumba vidogo vilivyojaa majimaji, ambavyo wataalamu wa kale wa Ulaya waliviita kwa jina la jumba lenye njia za kupoteza watu. Sisi tunalo neno mzingile, na sioni lililo bora kulipita hilo. Sehemu moja ya mzingile huo ni ya kusikia; sehemu nyingine, yenye mifereji mitatu ya nusu duara pamoja na chumba kilicho baina ya mifereji na sehemu ya kusikia, kazi yake ni kumjulisha mnyama kichwa chake kimekaaje na kinageukia wapi. Chumba hicho wao wamekiita vestibulumu, yaani sebule ya mlangoni. Na nyumba za mawe za Lamu zina sehemu hiyohiyo, mtu anapoingia kutoka njiani kabla hajafika ndani, nayo huitwa daka. Kwa hiyo daka la sikio ni istilahi ambayo ningeipendelea kuliko kulibeba neno la Kilatini zimazima.

Madaka hayo mawili, la kulia na la kushoto, hupeleka habari zao kwenye ubongo saa zote bila ya kukoma, hata mnyama akiwa ametulia, na ubongo huzilinganisha. Ni mfano wa mtumbwi wenye wapiga makasia pande zote mbili: maadamu wanavuta kwa nguvu sawa chombo hunyooka, lakini wa upande mmoja wakiacha, mtumbwi wenyewe hugeukia upande wa walioacha, ingawa mbao zake zote ni nzima. Ndivyo kichwa cha sungura kinavyoinamia, mara nyingi, upande ule ambao sikio lake limedhurika. Nasema mara nyingi kwa kuwa ila ikiwa ndani ya ubongo wenyewe, kichwa chaweza kuinamia upande wa pili, jambo ambalo huwafadhaisha hata matabibu.

Kwa sababu hizo napendekeza tuseme mwinamo wa kichwa. Mwinamo ni neno linalofahamika pwani na bara. Lataja umbo linaloonekana wala halidai kujua sababu, na hiyo ndiyo adabu ya jina la dalili. Wako watakaosema kichwa kombo, nami silikatai neno kombo ila kwa kuwa limezoea kubeba lawama, kama tusemapo mambo yamekwenda kombo. Upogo ni neno zuri la kale, lakini wengi hulijua kwa macho yasiyotazama pamoja. Ama kizunguzungu, hilo ni jina la anachokihisi mgonjwa, na sungura hawezi kutueleza anachokihisi. Na libaki kwa wanadamu wenye ulimi wa kushuhudia.

Sababu za mwinamo ni kadha wa kadha, lakini mbili ndizo zenye kuleta sehemu kubwa ya mateso haya. Ya kwanza ni usaha wa sikio la kati na la ndani, uletwao na bakteria, mashuhuri miongoni mwao akiwa Pasteurella multocida, ambaye huweza kukaa puani mwa sungura kwa muda mrefu kisha akapanda mpaka sikioni. Sungura wenye masikio yaliyolala hupatwa zaidi kuliko wenye masikio yaliyosimama. Ya pili ni kimelea kidogo mno kiitwacho Encephalitozoon cuniculi. Mwaka 1922 Wright na Craighead walieleza habari za sungura wachanga waliopooza, na mwaka uliofuata Levaditi na wenziwe, katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, wakakipa kimelea hicho jina lenye maana ya mnyama wa ndani ya ubongo. Nalo vilevile halikuwa la haki, kwa kuwa baadaye imebainika kuwa kiumbe hiki si mnyama; nasaba yake ni ya kuvu. Kimelea hutoka na mkojo wa sungura mwenye nacho, katika sura ya spora, yaani vijimbegu vyenye ganda gumu, na mwingine huvimeza pamoja na majani yaliyochafuka. Kutoka tumboni huenea hadi kwenye figo, ubongo na macho.

Hapa ndipo penye fumbo la marejeo, na hapa mfugaji anahitaji maneno mawili wala si moja. Sungura aliyepona aweza kubaki na kichwa kilichoinama kidogo maisha yake yote, kwa sababu sehemu iliyoharibika haikurudi kama ilivyokuwa, ila ubongo umejifunza kuishi na upungufu huo. Anakula, anaruka, anajisafisha manyoya, na anamjua mwenyewe. Huyo si mgonjwa, na hali yake tungeiita salio la maradhi. Mrejeo ni jambo jingine: mwinamo uliokuwa umetulia unazidi kwa ghafla, macho yanaanza tena kuchezacheza, na mnyama anaanguka. Asiyetenganisha salio na mrejeo atamnywesha dawa sungura asiyezihitaji, au, na hili ndilo baya zaidi, atauona mrejeo na kujiambia kuwa ndivyo alivyo siku zote.

Na kwa nini urejee? Ikiwa asili ni sikio, sababu ni kuwa usaha wa sungura ni mzito, hautiririki, hujikusanya katika kijichumba cha mfupa ambamo dawa hupenya kwa shida. Dawa huwapunguza bakteria, dalili zikatulia, na dawa ikiachwa mapema wale waliobaki huanza upya. Baadhi ya sungura hawaponi mpaka daktari aupige mfupa picha na kuusafisha kwa kupasua. Ikiwa asili ni kimelea, sababu ni kuwa vijimbegu hulala mwilini kwa miaka, kinga ya mwili ikivizuia, na kinga ikipungua kwa uzee, kwa maradhi mengine, kwa safari, au kwa kufiwa na mwenzi, huamka. Kipimo cha damu hakimalizi shauri: kingamwili zikionekana, maana yake ni kwamba mnyama amewahi kukutana na kimelea, na sungura wengi wazima wanazo; zisipoonekana, ndipo tabibu huweza kutafuta sababu kwingine kwa moyo uliotulia.

Dawa iliyozoeleka kwa kimelea ni ile ya minyoo iitwayo fenbendazoli, kwa kipimo cha miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku, kwa siku 28. Nayo hutolewa kwa amri ya daktari, kwa kuwa imewahi kudhuru uboho wa mifupa ya baadhi ya sungura. Bakteria wana dawa zao, lakini tahadhari kubwa ni kwamba amoksilini na penisilini za kumeza, ambazo hupatikana katika kila duka la dawa, humwua sungura kwa kuharibu vijidudu vyema vya utumbo wake. Mtu asimpe sungura wake kidonge kilichobaki cha mtoto.

Malezi ya nyumbani yana uzito sawa na dawa. Tumbo la sungura halipaswi kusimama. Akipitisha saa kumi na mbili bila ya kula, yu hatarini, basi alishwe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, unga wa majani uliokorogwa na maji, kidogo kidogo, akiwa amekaa wima ili chakula kisimwingie mapafuni. Awekewe ukoka karibu na mdomo, na maji katika bakuli zito badala ya chupa ya kuning'inia. Sanduku lake lizungushiwe taulo zilizokunjwa ili akibiringika asiumie, na chini patandikwe kitu kisichoteleza. Jicho lililoelekea chini husuguliwa na hukauka, kwa hiyo lipakwe marhamu aliyoitoa daktari, kila siku, bila ya kusahau. Asinyanyuliwe kwa ghafla. Mwenzi wake, ikiwa yuko, asitengwe naye, maadamu hamsumbui, kwa kuwa upweke humzidishia unyonge. Na anayemhudumia anawe mikono, hasa ikiwa nyumbani yumo mtu ambaye kinga ya mwili wake ni dhaifu, kwani kimelea hiki kimepata kuwaingia watu wa namna hiyo.

Wengi humkatia tamaa sungura huyu siku ya kwanza, kwa sababu sura yake inatisha, na baadhi ya madaktari hushauri auawe. Mimi siafiki haraka hiyo. Sungura anayekula, hata kwa kulishwa, apewe majuma kadhaa kabla ya kuhukumiwa, kwani wapo wengi waliopona au kubaki na salio jepesi. Nawaomba watunzi wa kamusi zetu waliingize jina mwinamo wa kichwa pamoja na salio na mrejeo. Nawe ndugu msomaji, ukimwona sungura wako kichwa kimemlalia upande, usingoje kesho: mpeleke kwa daktari wa wanyama siku ileile, na umweleze mwinamo ulianza lini, ni upande gani, na kama umewahi kumpata kabla ya hapo.