Upasuaji Rekebishi kwa Mapacha Waliotenganishwa

Upasuaji rekebishi ni tawi la upasuaji linaloshughulikia umbo na kazi ya sehemu ya mwili iliyoharibiwa na moto, ajali au maradhi, au ambayo mtu amezaliwa nayo ikiwa haikukamilika, kama ilivyo kwa watoto wanaozaliwa na mdomo wazi. Istilahi hii imeundwa kwa njia iliyozoeleka katika Kiswahili cha kitaaluma, ambapo kitenzi hupewa kiishio cha -i na kugeuzwa sifa ya nomino, kama linganishi katika fasihi linganishi. Imekuja kuchukua nafasi ya upasuaji wa plastiki, jina ambalo limewapotosha wengi, kwa kuwa msikilizaji wa Kiswahili akisikia plastiki hufikiria ndoo na mifuko, ilhali asili ya neno hilo ni Kigiriki, ambako lilihusu kufinyanga na kukipa kitu umbo. Kwa mgonjwa aliyeungua au aliyevunjika taya, istilahi mpya inatosha kabisa, kwani kuna mkono au uso uliokuwapo kabla ya madhara, na kazi ya daktari ni kuurudisha karibu na ulivyokuwa. Kwa mapacha waliotenganishwa hali ni nyingine, na hapo ndipo istilahi inapohitaji kufafanuliwa kwa uangalifu.

Mapacha walioungana hutokana na yai moja lililorutubishwa ambalo, kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, huanza kugawanyika kwa kuchelewa, baada ya siku ya 13 hivi tangu mimba kutungwa, na mgawanyiko huo ukakomea njiani. Jina la zamani, mapacha wa Siamu, lilitokana na ndugu wawili waliozaliwa Siamu, yaani Thailand ya leo, mwaka 1811, na halina sababu ya kuendelea kutumika. Aina za muungano hutajwa katika tiba kwa majina marefu ya asili ya Kigiriki, lakini Kiswahili huzitaja kwa wepesi na usahihi uleule: walioungana kifua, walioungana tumbo, walioungana nyonga, walioungana kichwa. Mzazi yeyote huelewa, na daktari hapotezi chochote.

Kutenganisha ni kukata kile kinachowaunganisha: ngozi, misuli, mfupa, ini, mishipa ya damu, wakati mwingine utumbo au utando wa moyo. Kila sehemu inapokatwa hubaki nyuso mbili zilizo wazi, moja kwa kila mtoto, na kila mmoja wao anahitaji kufunikwa upande ambao haujawahi kuwa na kifuniko. Ngozi iliyowatosha wawili walipokuwa kitu kimoja haiwatoshi wakiwa wawili, kama vile kanga moja iliyofunika watoto wawili waliokumbatiana isivyoweza kumfunika kila mmoja wao wakiachana. Huu ndio ugumu ambao upasuaji rekebishi huitwa kuutatua, na wataalamu wake hawangoji siku ya kutenganisha. Kazi yao huanza wiki au miezi kadhaa kabla.

Njia iliyoleta mabadiliko makubwa ni ya kutanua ngozi. Daktari huingiza chini ya ngozi puto la silikoni lililo tupu, lenye kijisehemu kidogo cha kupokelea maji, kisha jeraha la kuliingizia likishapona, sindano nyembamba hupenyezwa hadi kwenye kijisehemu hicho na maji safi ya chumvi husukumwa kidogo kidogo. Mtoto akianza kulia kwa maumivu, au ngozi iliyo juu ya puto ikipauka kwa sababu damu haipiti vizuri, kazi husimamishwa, na hata maji kidogo huweza kuvutwa yatoke. Zoezi hurudiwa kila baada ya siku chache kwa majuma mengi, na ngozi haivutiki tu, bali huongeza seli na kukua, kama inavyokua juu ya tumbo la mama mjamzito. Jaribio la kwanza la aina hii lilielezwa na Charles Neumann wa Marekani mwaka 1957, kwa mgonjwa aliyepoteza sehemu ya sikio, lakini njia yenyewe ilienea tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kutokana na kazi ya Chedomir Radovan. Kiswahili hakina jina moja lililokubalika kwa kifaa hicho. Kitanuzi cha ngozi lingefaa, kwa kuwa linafuata mkondo wa majina ya vifaa na linaeleza kazi yake. Kifaa hiki kina hatari zake: puto huweza kuingiwa na vijidudu au kutoboa ngozi na kujitokeza, na kwa watoto walioungana kifua huweza kubana upumuaji, hivyo uamuzi wa mahali pa kuliweka ni mgumu kuliko uwekaji wenyewe.

Hata ngozi ikitosha, haitoshi peke yake. Mapacha walioungana kifua aghalabu hawana mfupa wa kidari uliokamilika, na moyo wa mmoja wao, au wa wote wawili, huweza kubaki karibu kabisa na uso wa mwili pindi wanapotenganishwa. Ukuta wa kifua hulazimika kuundwa kwa vipande vya mbavu, kwa vibao vya titani au kwa wavu wa upasuaji unaoshonwa kutoka ukingo hadi ukingo. Hapo macho ya wote chumbani huelekea kwenye mashine ya kupumulia, kwa maana kila kingo zinaposogezwa karibu zaidi, mapafu hupungukiwa nafasi, na mtaalamu wa usingizi huona shinikizo la hewa likipanda na shinikizo la damu likishuka. Daktari anayeshona akiambiwa namba hizo hulazimika kufungua nyuzi alizokwisha kufunga, kuongeza upana wa wavu na kuiacha ngozi ikutane siku nyingine. Kifua kilichofungwa vizuri kwa macho kinaweza kumuua mtoto katika saa chache. Tumbo lina hatari hiyohiyo, kwani viungo vikishindiliwa ndani ya ukuta mdogo, figo na utumbo hukosa damu.

Kwa walioungana nyonga, mifupa ya nyonga iliyofunguka kama kitabu hukatwa na kuzungushwa ili ikutane mbele, jambo linalopunguza pia eneo linalohitaji ngozi, na kibofu na njia za haja huhitaji kuundwa, mara nyingi kwa hatua zinazochukua miaka. Kwa walioungana kichwa, utando mgumu unaozunguka ubongo ni lazima uzibwe usipitishe maji, kwa sababu maji ya ubongo yakivuja chini ya ngozi changa huzuia jeraha kupona na kufungua mlango wa homa ya uti wa mgongo.

Ni hapa penye kichwa ambapo tofauti kati ya kurekebisha na kuunda huonekana wazi zaidi. Katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street mjini London, mapacha wa kike kutoka Pakistan walitenganishwa kwa operesheni kuu tatu kati ya Oktoba 2018 na Februari 2019, jumla ya zaidi ya saa 50, chini ya Owase Jeelani, bingwa wa upasuaji wa ubongo, na David Dunaway, bingwa wa upasuaji rekebishi wa uso na fuvu. Hakuna kati ya watoto hao aliyewahi kuwa na utosi wake mwenyewe. Vipande vya mfupa wa fuvu walilokuwa wakilishiriki viligawanywa ili kila mmoja apate kifuniko cha kichwa. Nao mapacha wa Zambia waliotenganishwa nchini Afrika Kusini mwezi Desemba 1997, katika operesheni ya saa 28 iliyoongozwa na Ben Carson, waliwekewa vifuniko bandia vya fuvu mwaka 2001.

Mapacha wa Kenya walioungana sehemu ya chini ya mgongo walitenganishwa katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, mwezi Novemba 2016, kwa saa 23, na habari hiyo ilipokelewa kwa fahari iliyostahili. Hata hivyo, lugha ya habari za namna hiyo hutaja kutenganisha peke yake, na hivyo huficha nusu ya kazi. Wako pia wasioweza kutenganishwa kwa usalama, na wako walioamua kubaki walivyo, kama Maria na Consolata wa Tanzania waliofariki Iringa mwezi Juni 2018 wakiwa na umri wa miaka 21, bila maisha yao kupungukiwa na heshima yoyote.

Neno kurekebisha linachukulia kwamba kitu kilikuwapo na kikaharibika, na hata maneno kuunda upya yanabeba dhana hiyohiyo katika upya wake. Inafaa basi upasuaji rekebishi libaki kuwa jina la tawi zima, kwa kuwa limekwisha kuzoeleka, na kazi anayofanyiwa mtoto aliyetenganishwa itajwe kwa neno uundaji likifuatwa na jina la sehemu: uundaji wa ukuta wa kifua, uundaji wa fuvu, uundaji wa kibofu. Faida yake inafika mbali kuliko kamusi. Mzazi anayesaini fomu ya ridhaa iliyoandikwa kutenganisha peke yake hudhani kwamba mwanawe akitoka chumba cha upasuaji shughuli imekwisha, kisha hushtuka anapoitwa tena mwaka unaofuata, na mwingine baada ya huo. Hospitali zinazoandika fomu hizo kwa Kiswahili zitaje kila uundaji unaotarajiwa, kwa jina lake na kwa hatua zake, kabla mzazi hajashika kalamu.