Boriti za Lamu

Ukiingia katika nyumba ya mawe ya Lamu, inua macho. Dari imebebwa na boriti za mkoko zilizopangwa mstari mmoja, na chumba chenyewe ni kirefu lakini chembamba, kwa kuwa boriti haistahimili uzito wa mawe na chokaa ikipita kiasi cha mita tatu. Mwashi wa zamani aliuangalia mti kwanza, ndipo akajua upana wa chumba. Ng'ambo nako ilikuwa vivyo hivyo. Muscat, Bahrain na Kuwait hazikuwa na misitu ya mbao, na dari zake zilitoka katika hori za Lamu na delta ya Rufiji. Majahazi yalishuka na kaskazi yakileta tende, chumvi na samaki wakavu, yakarudi na kusi yamesheheni boriti. Mwaka 1939 baharia na mwandishi wa Australia, Alan Villiers, alikuwamo katika jahazi la Kuwait la nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi lilipoingia Rufiji kupakia, naye akaandika taabu ya kazi ile ndani ya matope na mbu.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mkata mikoko. Yeye na wenzake waliondoka kwa mashua na kukaa dagoni siku nyingi, maji ya kunywa yakiwa kwenye madebe. Waliingia hori maji yakijaa, wakakata yakipwa, wakapakia yakijaa tena, hivyo kazi yote ilikwenda na mwezi na bamvua wala si na saa. Mzigo ulihesabiwa kwa korja, miti ishirini kwa korja moja, na kila unene ulikuwa na jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Vitabu vya misitu vinasema boriti ina kipenyo cha sentimita 11.5 hadi 13.5. Babu hakuwa na rula. Aliukumbatia mti kwa viganja viwili: vidole vikikutana vizuri, ni mazio, visipokutana, ni boriti. Aliniambia, "Ule uliokuwa bado twauacha, mjukuu wangu. Mwenye kuukata leo, mwakani atakuja kwa nini?"

Mahitaji ya soko hayakungoja mwakani. Mwanzoni mwa karne ya 20 Lamu peke yake ilisafirisha wastani wa korja 24,150 kwa mwaka. Kati ya 1941 na 1956 wastani huo ulifika korja 35,451, yaani zaidi ya miti laki saba kila mwaka. Na hiyo ilikuwa miti iliyonyooka, kwa sababu hakuna nahodha aliyenunua mti uliopinda. Mkataji aliupita mti wa kombo akaenda kwa ulionyooka, na msitu uliobaki nyuma yake ukajaa ile ya kombo, ambayo ndiyo iliyobaki kuzaa. Ukiutazama msitu wa namna hiyo kutoka mashuani utauona kijani kibichi na kudhani haujaguswa. Ingia ndani utafute boriti moja.

Tena miti hii haifanani. Mchu, aina moja ya mikoko, ukiukata huchipua tena kisikini. Mkoko wenyewe ukiukata chini ya majani yake umeuua, na kizazi kipya hutegemea mbegu zinazoota zikiwa bado juu ya mti, ndefu kama rungu, zikianguka na kujichoma matopeni. Kanuni inayofaa mchu huangamiza mkoko. Wakataji walilijua hilo kwa mikono yao. Wenye kuandika sheria walichukua muda mrefu kulijua.

Serikali ya kikoloni ilitia mikoko yote ya pwani ya Kenya katika misitu ya serikali kwa Tangazo namba 44 la mwaka 1932, na serikali huru ikathibitisha mwaka 1964. Tangu hapo aliyekuwa na neno alikuwa mwenye leseni, yaani tajiri wa mjini, naye mkataji akawa kibarua wake wa kulipwa kwa korja. Hapo ndipo naona kosa kubwa lilipoanzia, kwa sababu kibarua wa korja hana sababu ya kuuacha mti mchanga.

Mwaka 1982 usafirishaji nje ulipigwa marufuku. Ghuba ilikwisha kupata mafuta, ikajenga kwa chuma na saruji, na huku nyumbani boriti nzuri zilianza kuadimika. Ukataji wenyewe haukuisha, ulielekezwa Malindi na Mombasa.

Baada ya mkutano wa mazingira wa Rio wa 1992 ilianza lugha nyingine. Kenya iliridhia Mkataba wa Bioanuwai mwaka 1994, ikatoa mkakati wake wa kwanza mwaka 2000. Kule Gazi, kusini, ambako mikoko ilifyekwa miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwandani, watafiti na wanakijiji walianza kuipanda upya mwaka 1991, na tangu 2013 mradi wa Mikoko Pamoja huuza hewa ya kaboni na kuleta maji na vifaa vya shule kijijini.

Halafu ukaja Mpango wa Taifa wa Kusimamia Mikoko wa 2017 hadi 2027. Nauthamini kwa dhati. Ulipima hekta 61,271 nchi nzima, na 37,350 kati ya hizo ziko Lamu, asilimia 61. Ulizigawa za Lamu katika sehemu tano, na kukubali kuwa kukata kwa kipimo ni sehemu ya kuhifadhi. Lakini Februari 2018 ukataji katika misitu yote ya umma ulisimamishwa, kwa sababu mito ya bara ilikuwa ikikauka. Mikoko haina uhusiano wowote na chemchemi za msitu wa Mau huko bara. Hata hivyo wakataji wa Lamu walikaa bila kazi hadi 2019 waliporuhusiwa tena, wakati mpango ulioandikwa kwa ajili yao ulikuwa umekwisha kuchapishwa. Katika miaka iyo hiyo mikoko mingine ilikuwa ikiondolewa kupisha bandari mpya ya Lamu.

Mpango huo wa mikoko unakwisha 2027 na mwingine utaandikwa. Picha za satelaiti zitaonyesha kijani kiko wapi. Hazitaonyesha mti upi umenyooka. Kwa hiyo kabla ya kuweka idadi ya korja kwa kila sehemu, waandishi wapande mashua pamoja na wakataji wa Ndau, Faza na Kizingitini, waingie hori moja baada ya nyingine maji yakipwa, na wakataji waseme ipi ipumzishwe, na kwa miaka mingapi.